Jangwa halina kosa: Phoenix wamepoteza timu ya hoki, Vegas jangwa lilelile wamebeba kombe. Shida ni uwanja ulipowekwa

Dereva wa Jangwani (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu. Najua humu wengi ni Simba, Yanga na Arsenal, hoki ya barafu mnaiona mambo ya wazungu na baridi zao, ila kule kwenye uzi wa viwanja vya AFCON nilisema nitaleta hii stori nikaambiwa leta tuone. Haya nimeleta, vuteni viti.

Niko Phoenix, Arizona, nabeba abiria wa app mwaka wa tisa huu. Mwezi wa saba joto linafika 45 mchana, usukani unaushika na taulo. Na kwenye joto hilohilo kulikuwa na timu ya hoki ya NHL, ile ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada, inaitwa Coyotes, tokea 1996 mpaka 2024 ilipobebwa ikapelekwa Salt Lake City. Ilivyoondoka kila mtu akajifanya nabii, si tulisema, barafu na jangwa wapi na wapi. Mimi nakataa kabisa. Barafu iko ndani ya jengo, chini ya sakafu kuna mabomba yanazungusha maji ya baridi kali yenye chumvi, barafu yenyewe unene ni kama sentimita 3 tu, huko nje kukiwa 45 au kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri yenyewe haina habari.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Timu ilitoka Winnipeg, Canada, 1996, ikaingia kwenye uwanja wa basketi hapa katikati ya Phoenix. Eneo zuri, tatizo jengo. Uwanja wa basketi una urefu wa mita 28 na ushee, wa hoki mita 61, yaani zaidi ya mara mbili, kwa hiyo ukiulazimisha hoki kwenye jengo la basketi upande mmoja watu wanakaa juu ya goli na goli lenyewe hawalioni. Umelipa hela yako unaangalia nusu ya mechi, nusu nyingine unasikia kelele za wenzio.

Wakatafuta pa kujenga. Mpango wa kwanza ulikuwa Scottsdale kusini, palipokuwa na shopingi moja ya zamani inaitwa Los Arcos. Scottsdale kwa asiyejua ndo Masaki ya huku. Mpango ukafa, mji wa Glendale ukasema njooni kwetu, ukakopa dola milioni 180 ukajenga uwanja, ukafunguliwa Desemba 2003. Jengo safi, kila siti unaona. Ila Glendale iko magharibi kabisa na wanunuzi wa tiketi wanakaa mashariki, Scottsdale, Tempe, Chandler huko. Ni kama ujenge uwanja Kibaha halafu wenye hela wote wako Masaki na Mbezi Beach, mechi inaanza saa moja jioni, siku ya Jumatano. Nani anakuja?

Nimewabeba hao watu mimi. Mtu katoka kazini saa kumi na moja, yuko Scottsdale, kilomita 40 na zaidi mpaka uwanjani, foleni imesimama, anaingia robo ya mchezo ishapita, kurudi nyumbani saa tano usiku na kesho kazi. Mara moja kwa mwezi anavumilia. Mara 41 kwa msimu hawezi hata kama anaipenda vipi.

2009 mwenye timu akaomba mahakama imtangaze kafilisika, bilionea wa Canada akataka kuihamishia Hamilton, hakimu akakataa, ligi ikainunua yenyewe ikaishikilia mpaka 2013. Kipindi hicho mji wa Glendale ulikuwa unailipa ligi dola milioni 25 kwa mwaka ili timu isihame, wamefanya hivyo miaka miwili. Hela ya kodi hiyo. Mwisho wakachoka, 2022 wakawatoa, timu ikaenda kucheza uwanja wa chuo kikuu pale Tempe, siti 4,600 hivi, timu ya NHL hiyo! Mei 2023 wakaomba wananchi wa Tempe wapige kura waruhusiwe kujenga uwanja mpya, wananchi wakasema hapana. Mwaka uliofuata ikauzwa Utah, dola bilioni 1.2.

Vegas sasa. Uwanja umewekwa palepale kwenye mahoteli, hela binafsi, ukafunguliwa 2016. Kabla hata hawajapewa timu watu zaidi ya 10,000 walishaweka amana ya tiketi za msimu mzima. Wameanza 2017, msimu wa kwanza tu wako fainali, 2023 kombe. Jangwa lilelile.

Karibuni kwa hoja.

kabwela halisi

Siti ya mbele kabisa. Sijawahi kuangalia hoki hata dakika moja ila nimesoma yote.

Mwalimu Nyerere Road

Jangwa sio lilelile mkuu. Phoenix ni Sonora, Vegas ni Mojave.

Dereva wa Jangwani

Asante mwalimu wa jografia, nimesahihishwa. Jasho ni lilelile.

Fundi Chuma

Hapa mleta mada umepita haraka sana. Hapohapo Glendale, pembeni kabisa ya huo uwanja wa hoki, kuna uwanja wa Cardinals wa futiboli ya Kimarekani, umefunguliwa 2006, unachukua watu zaidi ya 60,000 na wanajaa. Watu walewale wa Scottsdale, barabara ileile, foleni ileile. Sasa mbona wao wanafika? Kubali tu watu wa Arizona hawaipendi hoki.

Dereva wa Jangwani

Fundi hili swali nimelisubiri. Cardinals wanacheza nyumbani mara nane au tisa kwa msimu, na karibu zote Jumapili mchana. Ile ni sikukuu, mtu anatoka asubuhi na familia, anachoma nyama kwenye paking, hana haraka. Hoki ya Coyotes ilikuwa mara 41 na nyingi katikati ya wiki usiku. Ndo maana uwanja wa futiboli unaweza kuuweka porini ukajaa ila wa hoki au basketi lazima uwe njiani, mtu akitoka kazini anapitia. Harusi utaifuata Bagamoyo, ila duka la mkate unalitaka mtaani kwako.

Halafu ingine, futiboli hela yao kubwa ni ya tivii, hata siti zikibaki wazi mwenye timu analala usingizi. Hoki ya tivii haina hela kiasi hicho, wanategemea mlangoni, tiketi, bia na paking. Siti ikiwa tupu inauma kwelikweli.

Fundi Chuma

Hilo la Jumapili nimekuelewa. La mapenzi bado.

Mama Kanata

Jamani mmenigusa. Mimi niko Ottawa, na mleta mada hiyo Glendale yako sisi tunayo na huku hakuna jangwa wala kisingizio, huku mtoto anaanza kuteleza kwenye barafu kabla hajajua kusoma.

Uwanja wa Senators, timu yetu ya NHL, uko Kanata, kilomita kama 25 magharibi ya katikati ya mji, umefunguliwa Januari 1996. Ukiuliza kwa nini huko jibu ni ardhi. Waliochukua timu walinunua mashamba kwa bei ya mashamba, wakitegemea wakiweka uwanja katikati ya shamba basi shamba linageuka mji, wauze viwanja, faida itoke huko. Hoki ilikuwa kama mbegu tu, mavuno waliyoyataka ni viwanja. Sasa mamlaka ya mkoa ikawaambia sawa jengeni lakini mpunguze siti na ile njia ya kuingia na kutoka kwenye haiwei mnajenga kwa hela yenu, ikawa mzigo juu ya mzigo, na waanzilishi wenyewe timu ikawaponyoka mikononi mapema tu.

Mimi mume wangu na wanangu wawili wanapenda hiyo timu hadi ugomvi. Januari usiku, nyuzi 25 chini ya sifuri, mechi imeisha, magari maelfu yanatokea kwenye haiwei moja, tumewahi kukaa paking karibu saa nzima gari inaunguruma tu na watoto wamelala nyuma. Nikasema mimi basi, mwakani mnaenda wenyewe.

Kwa hiyo suala sio mapenzi ya hoki Fundi, hapa mapenzi yapo tele, hadi damuni.

Fundi Chuma

Mama Kanata heshima yako. Nimenyamaza kidogo.

mzawa wa Ilala

Na si nasikia wanahama?

Mama Kanata

Hayo maneno nimeyasikia tangu wanangu wako tumboni. Kuna eneo linaitwa LeBreton Flats, karibu na Bunge, watu walihamishwa pale miaka ya 60 nyumba zikabomolewa halafu pakabaki majani tu miaka na miaka. Treni inafika palepale. Mpango wa kwanza wa kuweka uwanja ukavunjika, mwenye timu na mbia wake wakapelekana mahakamani. Mwenye timu akafariki 2022, timu ikanunuliwa 2023 na mtu mwingine, Michael Andlauer, na Septemba 2024 wakakubaliana na serikali kuhusu ardhi. Nikiona zege ndo nitaamini.

Mtu wa South B

Wasee wa Bongo mnaandika hadi mtu anasahau kazi. Mimi niko Nairobi na hii mada inatuhusu kiasi. Tuko na barafu hapa Panari, Mombasa Road, ndani ya hoteli, tangu 2005. Ni kadogo ukilinganisha na hiyo mita 61 ya NHL, lakini ndio hapo Ice Lions, timu yetu ya hoki, wamelelewa. Kwa miaka mingi walikuwa wanacheza wao kwa wao tu juu hakuna timu ingine karibu, mpaka 2018 kampuni ya kahawa ya Canada ikawapeleka huko wakacheza na timu ingine, na mastaa wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi yao kama masurprise. Manze ile video niliangalia mara kumi.

Lakini sasa fikirieni location. Mtoi wa Kayole ama Githurai anafikaje Mombasa Road jioni, na mfuko wa wazazi uko vile uko? Hapo ndio naelewa huyu dereva. Ukiweka barafu hotelini unapata watoto wa wale wako karibu na hoteli.

Dereva wa Jangwani

Mtu wa South B hiyo point ni nzito kuliko yangu. Huku Phoenix timu ilizalisha watoto wa hoki, viwanja vidogo vya mazoezi vikaongezeka, Auston Matthews nyota wa Toronto kakulia Scottsdale, kaanza kuipenda hoki akiwa mtoto kwa kupelekwa kwenye mechi za Coyotes. Fundi, unasemaje kuhusu mapenzi hapo?

Fundi Chuma

Mmoja. Nimehesabu mmoja.

Mhasibu Mstaafu

Naona mnazungumzia barabara tu, mimi nije na daftari. Mwaka 1995 Quebec walipoteza timu yao, Nordiques, ikaenda Denver, na mwaka uleule wa kwanza Denver wakachukua kombe, 1996, fikiria uchungu wa mtu wa Quebec. 1996 Winnipeg wakapoteza timu yao, Jets, kwenda huko kwa dereva, ndo ikawa Coyotes. Hii miji haikukosa mashabiki wala uwanja wao haukuwa mbali na watu. Ilikosa dola. Mchezaji analipwa dola ya Marekani, tiketi unauza kwa dola ya Canada, na dola ya Canada ilikuwa inaporomoka kipindi kile. Kama unalipa kodi ya fremu kwa dola na unauza maandazi kwa shilingi, hata foleni ya wateja ifike barabarani utafunga tu.

Kilichobadilisha ni msimu wa 2004-05, wenye timu walifunga milango msimu mzima hakukuwa na hoki, waliporudi wakawa na kikomo cha mishahara. Ndipo mji mdogo ukaweza kupumua tena.

Na pale Quebec, wakajenga uwanja mpya 2015, siti 18,259, kama dola milioni 370 za Canada, hela ya mji na ya jimbo, wakingoja timu. 2016 ligi ikaipa Vegas peke yake. Wameandaa ukumbi, wamepika pilau, bwana harusi kaenda kuoa kwingine. Wanacheza vijana mle mpaka leo.

kabwela halisi

"Bwana harusi kaenda kuoa kwingine" 😂😂 nimecheka kwenye daladala watu wananiangalia

Portage na Main

Nawasalimu kutoka Winnipeg, baridi inakata masikio. Mhasibu kasema kweli ila amalizie na kilichotokea baadaye. Huku kulikuwa na duka kubwa la Eaton katikati ya mji, likafa, likabomolewa, wakajenga uwanja pale, 2004, bila timu ya NHL. Mdogo, watu 15,000 na kitu, wakawa wanacheza ligi ya chini. 2011 Atlanta ikashindwa, timu ikaletwa hapa, tiketi za msimu 13,000 zikaisha, za siku ya mwisho zilienda dakika chache tu. Mtu anatoka ofisini anatembea kwa miguu anaingia uwanjani, kuna hadi madaraja ya vioo juu ya barabara huhisi hata baridi. Kwa nadharia ya dereva hapa ni peponi.

Lakini msimu wa 2023-24 hao wa tiketi za msimu wakashuka mpaka kama 9,500. Uwanja uko palepale. Mji mdogo, kampuni kubwa zenye kununua siti za wageni wao ni chache, watu wa kawaida wamebeba mzigo miaka zaidi ya kumi na vitu vimepanda bei. Mimi mwenyewe tulikuwa wanne tunachangia siti mbili, wawili wamejitoa.

Kwa hiyo dereva, eneo zuri halimpi mtu hela mfukoni.

Dereva wa Jangwani

Portage hapo umenibana kisawasawa. Nakubali, mji lazima uwe na kifua cha kuibeba. Phoenix ina watu karibu milioni 5 ukihesabu na vitongoji, kifua kipo, ndo maana inaniuma. Nyie mna eneo hamna idadi, sisi tulikuwa na idadi eneo hatuna.

Binti Peachtree

Mmeitaja Atlanta mkapita kama hamjaiona. Niko huku. Sisi tumepoteza mbili, Flames 1980 kwenda Calgary na Thrashers 2011 kwenda kwa huyo kaka wa Winnipeg. Na uwanja wetu ulikuwa KATIKATI YA MJI, treni inafika. Mnaosema katikati ya mji ndo dawa mje mnieleze.

Ukweli wa huku watu wa hoki wengi ni waliohamia kutoka majimbo ya baridi, wanakaa vitongoji vya kaskazini, Alpharetta na Forsyth huko, kushuka mjini jioni ni adhabu. Na wenye timu walikuwa kundi la watu wanashtakiana wenyewe kwa wenyewe miaka. Sasa wanaotaka kuirudisha hoki wanataka kujenga hukohuko kaskazini. Timu yetu ya besiboli iliona mapema, 2017 ikahama mjini ikaenda Cobb, upande huohuo wa kaskazini, na wanajaa.

Dereva wa Jangwani

Binti umenisaidia kusema nilichotaka kusema nikashindwa. Sio katikati ya mji, ni pale mnunuzi wa tiketi anapopita kati ya kazini na kitandani. Ottawa hapo ni mjini, Atlanta hapo ni kaskazini, Phoenix hapo ni mashariki.

mzawa wa Ilala

Na Florida? Panthers wako Sunrise, kando ya mapori ya Everglades, nje ya mji kabisa, wamebeba 2024 wakabeba tena 2025.

Dereva wa Jangwani

Ushindi unafuta ubaya wa eneo kwa muda. Hao miaka kibao walikuwa na uwanja nusu tupu. Coyotes nao 2012 walifika nusu fainali na watu wakaja Glendale, wakaanza kufungwa watu wakaikumbuka foleni.

Mkimbizi wa Bukavu

Bandugu, miye niko Salt Lake City, hii timu ya dereva njo ilikuja kwetu. Uwanja iko katikati ya muji, treni inasimama mbele ya mulango, batu banaenda na miguu. Lakini ni uwanja ya basketi! Mwaka ya kwanza siti za kuona barafu yote zilikuwa kama 11,000 tu, zingine unaona upande moja. Sasa banatengeneza, banasogeza viti. Na franga ya kutengeneza inatoka wapi? Muji ilipandisha kodi ya mauzo nusu asilimia, tangu 2025. Miye sijaingia mule hata siku moja, tiketi ni bei, lakini nikinunua viatu ya mutoto ninachangia.

Fundi Chuma

Mkimbizi kaongea kuliko wote humu. Mabilionea wanabishana uwanja uwe wapi, anayelipa ni wa viatu vya mtoto.

Portage na Main

Ndo maana nimependa walichofanya Tempe. Waliulizwa, wakajibu.

Dereva wa Jangwani

Hapo mimi nina mikono miwili. Mkono mmoja nasema Tempe wangekubali timu ingekuwepo leo, maana pale ndo penyewe, treni ya mjini, chuo, mashariki. Mkono mwingine najua Glendale walivyoumia miaka ishirini, na Tempe walikuwa wanaangalia upande wa pili wa mji kama jirani anayeona nyumba inaungua. Ningekuwa na haki ya kupiga kura sijui ningetia tiki wapi.

Mhasibu Mstaafu

Ungetia hapana. Dereva anaishi kwa umbali, uwanja ukiwa karibu wewe unakosa kilomita 40.

Dereva wa Jangwani

😂😂 Mhasibu umeniona mpaka mfukoni. Kweli kabisa, Glendale ilinilipia kodi ya nyumba.

kabwela halisi

Swali la mwisho wakuu, ule uwanja wa Glendale sasa hivi wanafugia kuku?

Dereva wa Jangwani

Hapana, upo, wanapiga matamasha ya muziki na unajaa vizuri tu, maana tamasha ni mara moja moja. Ijumaa iliyopita nimebeba dada mmoja na mumewe kutoka Scottsdale. Tumefika kama nusu ya njia mume akauliza, bado mbali? Nikamwambia bado. Akasema, "aa, ndo maana tuliacha kuja kwenye hoki."